Nicodemus Mumo Kisilu, Mpima Mapaa

Mchungaji, wazee wa kanisa, wafanyakazi wenzake, majirani wa Makupa na wa Mji wa Kale, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja hapa Mbaraki kumsindikiza, maneno haya yanasomwa na Jacinta, dada yake marehemu, kwa niaba ya familia, na yameandikwa na familia yenyewe, jambo ambalo linasemwa mapema kwa sababu juzi Alhamisi ililetwa nyumbani karatasi nyingine, iliyopigwa chapa vizuri na kutiwa mhuri, tukaambiwa kwamba hiyo ndiyo historia itakayosomwa leo. Karatasi hiyo haitasomwa.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1981, karibu na Kathonzweni, Makueni, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Kisilu na mkewe Nduku, na mwaka 1986 yeye na dada yake Jacinta waliletwa Mombasa kumfuata baba yao, aliyekuwa fundi wa mabehewa ya reli na aliyepewa chumba na nusu katika nyumba za wafanyakazi upande wa Makupa. Miaka hiyo taka za Kibarani zilikuwa zikiungua chini kwa chini, na upepo ukigeuka moshi uliingia nyumbani, kwa hiyo mama yao aliziba matundu ya juu ya ukuta kwa matambara. Siku moja Nicodemus, akiwa na miaka sita, alipanda juu ya sanduku akayatoa matambara yote, akidai kwamba moshi ulio ndani nao unataka njia ya kutoka, na ndani ya muda mfupi ukaingia moshi mwingi kuliko ule aliokuwa akiufukuza, akachapwa, na alipokuwa mtu mzima alipenda kusema kwamba fimbo ile ilimfundisha kwa siku moja mambo mawili ambayo wakubwa wengi wa zimamoto hawajayajua mpaka leo, kwamba tundu hutoa, na tundu huingiza.

Alisoma shule ya msingi hapa kisiwani kuanzia Januari 1988 hadi Novemba 1995, kisha akapelekwa kwa bibi yake Kathonzweni kwa masomo ya sekondari, akamaliza Novemba 1999, akiwa hodari wa fizikia na mzito wa kusema mbele za watu. Chuo hakikuwezekana, kwani baba alikuwa amepunguzwa kazini, na mnamo Februari 2001 Nicodemus alianza kazi ya upakizi katika ghala moja la katani hapa hapa Mbaraki, si mbali na tulipokusanyika.

Tarehe 9 Agosti 2006, saa tano asubuhi, ghala hilo lilishika moto, na watu wawili walikuwa ndani. Marehemu hakupenda kulizungumzia jambo hili, lakini mkewe Mwende ameomba lisemwe, kwa sababu bila hilo hakuna atakayeelewa alikuwa mtu wa namna gani. Mlango wa ghala ulikuwa umefungwa, moshi ulikuwa ukitoka kwa chini taratibu kama mtu anayepumua usingizini, umati ulikuwa ukipiga kelele kwamba mlango uvunjwe, na aliyechukua mtaimbo akauvunja alikuwa Nicodemus. Hewa iliingia, moto uliokuwa umelala kwa kukosa pumzi ukaipata, ukatoka kwa mlango ule ule, na wale wawili hawakutoka. Mmoja wao alikuwa Sabir, rafiki yake, waliyekuwa wakila naye sahani moja kila mchana. Hakuna aliyemlaumu, kila mtu alisema alifanya alivyoweza, na kwa muda wa mwezi mzima hakwenda popote, akaketi kwa dada yake Jacinta akitazama mikono yake, kisha siku moja akasema, "Dada, mtu aliyevunja mlango bila kujua atakachokifungulia hana haki ya kusema alikuwa na nia njema. Mimi nakwenda kujifunza."

Akaajiriwa tarehe 3 Septemba 2007 na Kikosi cha Zimamoto cha Pwani Salama, kikosi cha kujitegemea ambacho wafanyabiashara wa mjini walikianzisha, na huko akajichagulia kazi ambayo wengine waliikwepa, kazi ya mapaa. Familia inaomba mvumilie hapa kidogo, maana yamesemwa mengi wiki hii na watu wasiojua wanachokisema. Nyumba inapoungua, moshi na joto hupanda, hujaa chini ya paa, kisha hushuka kuwafuata watu, na mwenye kujua anaweza kupanda juu akalikata paa mahali panapofaa, moshi ukatoka, ngazi zikaonekana, aliye ndani akapata kuvuta pumzi na anayekwenda kumtoa akaona anapoweka mguu. Hiyo ndiyo faida yake, na ni kubwa. Lakini tundu hilo hilo huupa moto hewa, na moto uliopewa hewa bila kupewa maji hukua maradufu kwa dakika chache, na paa lenyewe, ambalo tayari limeliwa kwa chini, huenda lisimbebe aliyesimama juu yake. Marehemu aliwafundisha hayo vijana wa kikosi kwa miaka minane, na hakuwahi kuwaambia kwamba kufungua paa ni ushujaa, wala kwamba kutofungua ni woga, aliwaambia wajiulize nani yuko ndani, maji yako wapi, na paa limeshikiliwa na nini, na kama hawana jibu la mojawapo, wakae chini mpaka walipate.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na Mwende, mwalimu wa chekechea, na Mungu akawajalia watoto wawili, Caroline, aliyezaliwa tarehe 4 Mei 2011, na Kisilu, aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 2015 akapewa jina la babu yake. Alikuwa baba mpole, mchelewaji wa chakula, mwenye kukagua waya wa jiko kila nyumba aliyoalikwa hadi Mwende akawa anaona haya, na mwenye kuimba vibaya kanisani kwa moyo wote.

Kuanzia mwaka 2019, siku zake za mapumziko, alianza kutembea Mji wa Kale nyumba kwa nyumba, akibisha hodi na kuomba ruhusa ya kupanda juu, kwa sababu alisema nyumba zile zimeongezewa vitu kizazi baada ya kizazi, boriti za mikoko chini, chokaa na mawe juu yake, mabati juu ya chokaa, na mtu akisimama barabarani hawezi kujua anachokanyaga huko juu. Aliandika kila paa katika daftari, boriti zipi zimeliwa na mchwa, ukuta upi ni mnene, wapi pana tangi la maji. Watu wa mitaa ile wakamwita Bwana Paa, na watoto wakamcheka, maana mtu mnene kama yule hakufanana na paa wa porini hata kidogo, naye akacheka pamoja nao.

Februari 2023 alipanda katika jengo la ghorofa tatu lililoko nyuma ya Ngome ya Yesu, ambalo chini ni duka la magodoro, katikati ni stoo, na juu anakaa kwa kupanga Mama Shirinbai pamoja na mjukuu wake Alefiya. Mama Shirinbai, ambaye leo yuko hapa nasi, alimpikia chai ya maziwa, akamwambia, "Mwanangu, huko juu kwalia usiku. Kila matangi yakijaa, kwalia." Marehemu alikuta matangi mawili makubwa ya maji yamewekwa juu ya boriti zilizooza, karibu na ukuta wa ngazi. Tarehe 6 Machi 2023 akaandika barua kwa wakubwa wake, kwamba matangi yale yashushwe kabla ya mvua za masika, na kwamba siku jengo lile litakaposhika moto, atakayepanda juu atakufa. Hayo ni maneno yake, nakala ya barua ipo, na tarehe 17 Julai 2023 faili la jengo likapigwa mhuri wa kikosi, likaandikwa kwa mkono wa mkaguzi kwamba matangi yameshushwa na jengo ni salama. Marehemu akaonyeshwa faili hilo. Akafurahi, akafuta matangi yale katika daftari lake kwa mstari mmoja, akamwambia Mwende jioni ile kwamba angalau barua moja imesikika.

Matangi hayakushushwa. Mwenye jengo aliyafunika kwa mabati mapya, akayapaka rangi, na mkaguzi aliyetia sahihi hakuwahi kupanda ngazi za nyumba ile, Mama Shirinbai ni shahidi, na wapangaji wengine ni mashahidi.

Katika historia kama hii hapa ndipo husemwa ugonjwa wa marehemu. Marehemu hakuugua. Familia imeulizwa mara nyingi wiki hii kama alikuwa na presha, kama alikuwa na mawazo, na jibu ni kwamba Jumanne tarehe 11 Februari 2025 aliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi akiwa mzima wa afya, akiwa amekula mihogo na chai, na akiwa amemwahidi Kisilu kumkata nywele.

Saa tisa na nusu alasiri duka la magodoro lilishika moto. Gari la zimamoto halikuweza kupita ule uchochoro, likabaki mbali kule kwa wauza vinyago, na mipira ya maji ikabidi iunganishwe mmoja baada ya mwingine kwa mkono. Sponji za magodoro hutoa moshi mweusi wenye sumu, na moshi ule ulijaza ngazi, ambazo ndizo njia pekee ya kutoka, kwani madirisha ya juu yana nondo. Umati ulikuwa ukipiga kelele kwamba paa livunjwe, na mkuu wa zamu, ambaye alikuwa amesimama kando ya gari, akampigia Nicodemus kwa redio akamwamuru alifungue paa mara moja. Nicodemus akajibu, "Maji kwanza, afande." Akaamriwa tena, akajibu vile vile. Wenzake saba walisikia kwa masikio yao, na mtu huyu ndiye aliyeandikwa magazetini kwamba alipanda kwa pupa bila kuamriwa.

Kilichombadilisha nia hakikuwa amri wala kelele. Alefiya alitoa mkono katikati ya nondo za dirisha la juu, akaupunga, kisha mkono ukalegea, ukaning'inia. Chirau, ambaye alikuwa mwanafunzi wake na ndiye aliyekuwa akiuvuta mpira wa mbele, anasema Nicodemus aliitazama nyumba kuanzia chini mpaka juu kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, na uso wake haukuwa uso wa mtu mwenye hasira wala mwenye hofu, ulikuwa uso wa mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata. Alijua maji hayajafika. Alijua kwamba akifungua, ataupa moto pumzi, na jengo litaungua lote. Alijua pia kwamba asipofungua, waliomo ndani hawana dakika zilizobaki. Ghala la Mbaraki lilikuwa mbele yake, hilo halina shaka, lakini safari hii alijua anachokifungulia.

Akamwambia Chirau, "Nitafungua juu ya ngazi. Moshi ukipanda utapata dakika nne, pengine pungufu, kisha moto utakuja juu. Usingoje maji. Ingia uwatoe."

Chirau akamwuliza, "Na wewe, kaka?"

"Mimi nitakaa juu ya ukuta, sitakanyaga katikati. Ukuta ule ni mnene, nimeupima mwenyewe."

Akapanda kupitia nyumba ya jirani, akatembea juu ya ukuta kama alivyofundisha, akakata mabati mahali alipokusudia, na kila kitu kikawa kama alivyosema. Moshi ulitoka juu kama umeitwa, ngazi zikaonekana, Chirau na mwenzake wakaingia bila maji, wakamkuta Mama Shirinbai amemfunika mjukuu wake kwa kanga iliyoloweshwa, na Mama Shirinbai akawaambia, "Mimi si kitu, mtoeni huyu mtoto," wakawatoa wote wawili, wakiwa hai. Dakika ya nne ilikuwa haijaisha.

Kisha boriti zikavunjika. Matangi yaliyoandikwa kwamba yameshushwa yakateleza chini ya mabati mapya, yakaugonga ukuta ule mnene, yakauangusha, na Nicodemus akaanguka nao. Hakuukosea moto hesabu. Aliwekewa mizani yenye jiwe la uongo, na jiwe hilo lilitiwa mhuri na watu wa nyumba yake mwenyewe.

Alilazwa katika hospitali moja ya hapa kisiwani, akiwa ameungua na kuvunjika mgongo, na siku ya pili alipata fahamu kwa muda wa saa moja hivi. Dada yake Jacinta alikuwa kando yake. Kwanza aliuliza, "Walitoka?" akaambiwa walitoka. Kisha akasema, "Dada, kulikuwa na maji juu. Mengi. Kwa nini kulikuwa na maji?" Jacinta aliinama karibu na sikio lake. Akamwambia apumzike. Analo jibu sasa, maana Chirau alilitafuta faili akaleta nakala yake nyumbani, ingawa alijua inaweza kumgharimu kazi, na Jacinta angetoa chochote alicho nacho kurudi katika saa ile amwambie ndugu yake kwamba hakukosea, kwamba alidanganywa. Nicodemus aliaga dunia Jumamosi tarehe 15 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, pasipo kujua.

Mwenye duka amelalamika kwamba tundu lile ndilo lililomaliza mali yake. Familia haikatai. Ni kweli moto ulikua, ni kweli ghorofa zote tatu zimeteketea, na marehemu alijua kwamba itakuwa hivyo, akachagua watu wawili badala ya ghorofa tatu, na mnaotaka kubishana na uchaguzi huo, watu hao wawili wameketi pale upande wa kulia, wanaitwa Mama Shirinbai na Alefiya, nendeni mkabishane nao.

Ile karatasi iliyoletwa Alhamisi inasema marehemu alikufa kwa "ajali isiyoepukika". Aliyeileta, mtu wa kikosi, alikaa barazani, akanywa maji, akamweleza Mwende kwa upole kwamba ingekuwa vizuri mambo ya faili yasitajwe msibani, kwa heshima ya marehemu. Mwende, ambaye hajawahi kupaza sauti katika maisha yake, alimwuliza, "Heshima ya marehemu ni kunyamaza, au ni ninyi ndio mnaoogopa?" kisha akamrudishia karatasi yake. Iliepukika. Iliepukika tarehe 6 Machi 2023, iliepukika tarehe 17 Julai mwaka ule ule kwa mtu kupanda ngazi thelathini na sita tu, na iliepukika kila siku iliyofuata. Barua ya familia, pamoja na nakala ya faili, imekwisha kufikishwa kwa wakili jana, na ambaye angependa kutia sahihi kama shahidi atamkuta Jacinta hapa baada ya maziko, haondoki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia siku nne bila kukata tamaa, na yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemnyoa ndevu kwa sababu alisikia kwamba marehemu hakupenda kuonekana ovyo. Inawashukuru majirani wa Makupa waliowalisha watoto, na Mama Shirinbai na jamaa zake wote, ambao wamepoteza nyumba na vyote vilivyokuwamo, na bado wameleta chakula msibani kila siku, wakaketi mkekani pamoja nasi. Inawashukuru wafanyakazi wenzake waliomfukua kutoka kwenye mawe kwa mikono mitupu, mawe yakiwa bado ya moto. Wakubwa wa kikosi waliofika wamekaribishwa kama wanavyokaribishwa waombolezaji wote, na familia haitamfukuza mtu makaburini, lakini shukrani haina.

Ratiba mliyogawiwa inaonyesha kwamba jeneza litabebwa na mkuu wa kikosi pamoja na maafisa wake. Hilo limebadilishwa. Jeneza litabebwa na Chirau na wale sita waliokuwa kwenye mipira siku ile, Alefiya ameomba kutangulia na maua, naye atatangulia, na maafisa watafuata nyuma, baada ya watoto.

Ameacha mjane, Mwende, watoto wawili, dada mmoja, mama aliyetimiza miaka sabini na minne, na daftari lenye mapaa mia tatu na kumi na moja, ambalo Chirau ataliendeleza.

Nicodemus, mwana wa Kisilu na Nduku, kulikuwa na maji kwa sababu walitia sahihi kwamba hayapo. Wewe ulipima sawasawa. Lala sasa kwa amani, mdogo wangu, na ugomvi huu tuachie sisi.